Masega ya Gari Hulinda Mapafu Yetu

Mwezi huu tunazungumzia kifaa kilichofichika chini ya gari. Kinahusu afya kwa sababu kinahusu hewa tunayovuta njiani, nyumbani na hata ndani ya gari lenyewe. Mafundi wetu hukiita masega.

Masega ni nini?

Ni kopo la chuma lililofungwa kwenye bomba la moshi, kati ya injini na sailensa. Ndani yake mna kauri yenye matundu madogo mengi kama sega la nyuki. Matundu hayo yamepakwa madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa petroli ukipita humo, sumu zake hugeuzwa. Kaboni monoksaidi huwa kaboni dayoksaidi. Petroli isiyoungua huwa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Gesi za oksidi za naitrojeni huwa naitrojeni ya kawaida, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa. Masega mazima, yakishapata moto, huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo.

Kwa nini watu huyatoa?

Wengine huyauza kwa ajili ya madini yake. Vijana wenye magari ya mbio yaliyozeeka, kama Subaru Impreza na Toyota Altezza, huyatoa wakitaka mlio na kasi. Wengine huambiwa na fundi, "Bosi, gari limeziba pumzi, tutoe masega."

Zamani ushauri huo ulikuwa na sababu. Katika miaka ya 1990 petroli yetu ilikuwa na madini ya risasi, nayo risasi huharibu masega upesi. Lakini kufikia mwaka 2006 Tanzania na nchi jirani zilikuwa zimeacha petroli hiyo. Sababu imekwisha, mazoea yamebaki.

Tena, masega mazima hupunguza nguvu ya gari kidogo sana. Yanayolemaza gari ni yale yaliyoziba, nayo hayazibi bure. Mara nyingi plagi zimechoka, au injini inakula oili. Ukiyatoa bila kutengeneza injini, umeondoa dalili ukaacha ugonjwa.

Madhara kwa afya

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya, hivyo mwili hukosa pumzi ingawa mtu anavuta hewa. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuzimia. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wako katika hatari zaidi.

Gesi za naitrojeni huwasha njia ya hewa na kuamsha pumu. Petroli isiyoungua ina benzini, ambayo huweza kuleta saratani ya damu. Watoto huumia zaidi, kwa kuwa hupumua haraka kuliko sisi, na kimo chao kiko karibu na bomba la moshi.

Hapa Mwananyamala nyumba zimesongamana na madirisha yako karibu na barabara. Moshi wa gari la jirani huingia moja kwa moja chumbani kwako. Na pale bomba lilipokatwa, kama halikuunganishwa vizuri, moshi huvuja na kupanda kwenye viti vya nyuma, wanakokaa watoto.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kununua gari kuukuu, mwombe fundi achungulie chini kama masega yapo. Kopo linaweza kuwepo lakini limetobolewa na kuachwa tupu.

2. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, usiizime kwa ujanja. Tafuta chanzo. Badilisha plagi kwa wakati na shughulikia injini inayokula oili.

3. Ukipeleka gari gereji kutengenezwa bomba la moshi, kaa uone kazi. Kagua chini kabla ya kulipa.

4. Masega yaliyokufa yabadilishwe kwa mengine, bomba tupu lisiwekwe mahali pake. Ukikosa fedha za kutosha kwa sasa, anza na injini, ili angalau sumu ipungue.

5. Usiache gari likinguruma asubuhi chini ya dirisha la chumba cha kulala. Hata masega mazima hayafanyi kazi vizuri kabla ya kufikia joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Washa gari, kisha ondoka taratibu.

6. Vijana wanaovunja masega waelewe kwamba vumbi lake si la kuvuta. Wasilivunje karibu na watoto wala vyakula.

7. Mkiwa safarini na abiria wawili au watatu wakaanza kuumwa kichwa pamoja, simamisheni gari, fungueni milango na mtoke nje. Aliyezimia apelekwe hospitali mara moja, na daktari aelezwe kuwa amevuta moshi wa gari.

Mzazi mwenye mtoto wa pumu hununua dawa ya kuvuta mara kwa mara. Fedha ya masega hupokelewa siku moja tu, lakini moshi wake huvutwa kila siku, na wanaouvuta kwanza ni wale wanaolala karibu na gari hilo.