Sonona na Nyuzi za Ubongo

Huku kwetu, tangu Malindi hadi Takaungu, mwanamke akijifungia chumbani, akaacha chakula, akawa hana hamu hata ya mwanawe mchanga, hukumu huwa imekwisha kukatwa kabla hajaulizwa: ana shetani, ametiwa jicho, au imani yake imepungua. Ni nadra kumsikia mtu akisema, “Huenda anaumwa.” Nayo maradhi yenyewe yana jina: sonona.

Wala si fundisho geni kwetu Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika Masalih al-Abdan wa al-Anfus, kitabu cha afya ya mwili na nafsi. Humo aliitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na ile imjiayo mtu asijue itokako, ambayo alisema asili yake imo mwilini. Na Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia mwanawe hata macho yake yakafanya weupe, nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa dhaifu?

Al-Balkhi hakuwa na chombo cha kutazamia ndani ya kichwa. Leo kipo. Mashine ya MRI hupiga picha za ubongo kwa nguvu za sumaku, bila mionzi ya eksirei. Mwaka 1994 Peter Basser na wenzake, huko Marekani, walieleza njia ya kuitumia kufuatilia mwendo wa maji katika nyuzi za ubongo.

Nyuzi hizo ndizo sehemu nyeupe ya ubongo, na weupe wake watokana na mafuta yaliyozifunika. Aliyewahi kumwona bibi akisokota kamba ya usumba ataelewa upesi: nyuzi nyembamba zisizohesabika, zikilazwa pamoja, huwa kamba moja. Kamba za ubongo kazi yake ni kupeleka habari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maji yaliyomo hupita kwa wepesi kufuata urefu wa nyuzi, na kwa shida kuzikata. Pale ambapo mpangilio umelegea, maji hutawanyika ovyo zaidi, na mashine huliona hilo.

Mwaka 2020 watafiti wa nchi mbalimbali walikusanya picha za watu zaidi ya 2,900, wenye sonona na wasio nayo. Kwa watu wazima wenye maradhi hayo, kipimo cha mpangilio kilikuwa chini katika mafungu 16 ya nyuzi kati ya 25 yaliyopimwa. Tofauti iliyo kubwa zaidi ilionekana, miongoni mwa mahali pengine, katika daraja nene liunganishalo nusu mbili za ubongo.

Hata hivyo, asikimbilie mtu kuuza mkufu wa dhahabu ili mkewe apigwe picha. Tofauti hizo ni ndogo, nazo ni za wastani wa kundi, hakuna daktari awezaye kuitazama picha ya mtu mmoja akasema, “Huyu ana sonona.” Wala picha hizo hazisemi kipi kilitangulia, nyuzi kulegea au huzuni. Faida yake kwetu, kwa maoni yangu, ni nyingine: zinamwondolea mgonjwa lawama.

Utambuzi bado ni wa mazungumzo. Mjini Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kimekuwapo tangu 1989, na wataalamu wa huku, Profesa Amina Abubakar akiwa miongoni mwao, wamefanya kazi ya kuyapima maswali ya afya ya akili katika Kiswahili chetu. Orodha moja itumikayo sana ina maswali tisa tu, yahusuyo majuma mawili yaliyopita: hamu ya mambo, usingizi, uchovu, chakula, kujiona huna thamani, na mengineyo. Mama aliye katika arubaini ana haki ya kuulizwa hayo kama anavyoulizwa habari za maziwa. Kisomo na dua viendelee nyumbani, havimzuii kwenda hospitali, kwani Mtume (s.a.w.) alituhimiza kujitibu.

Swali la tisa huuliza kama mtu amefikiria kufa au kujidhuru. Akijibu ndiyo, asikemewe wala asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.