SS: damu ya wote wawili

Wamama wa Kamalondo, mnatuuliza juu ya dawa mpya ya SS. Ipo kweli. Uingereza iliikubali Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata. Madaktari wanatoa chembe zinazotengeneza damu ya mgonjwa, wanarekebisha jeni yake, wanazirudisha mwilini. Bei huko Marekani: dola milioni 2.2. Nani kwetu atalipa?

Sisi tuna kipimo cha damu, elektroforesi, kabla ya ndoa. Baba AS na mama AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS. Basi kijana naye apimwe. Familia zingine zinatuma msichana tu! Mtoto SS akizaliwa, mama mkwe asimwite bibi-arusi mchawi: nusu imetoka kwa mwana wake.