Wasimulizi Wasioaminika Kizimbani: Riwaya ya Mahakama na Mtaa wa Kaloleni

Msomaji wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili aghalabu hutolewa wasiwasi kabla ya ukurasa wa mwisho. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Mohamed Said Abdulla, Bwana Msa hufumbua fumbo na neno lake huwa ndilo la mwisho. Riwaya ya mahakama inayosimuliwa na mashahidi kadhaa wasioaminika humnyima msomaji faraja hiyo. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mahakama za Kenya, pamoja na sarufi yenyewe ya Kiswahili, zinampa mwandishi wa riwaya kama hiyo nyenzo ambazo bado hazijatumiwa ipasavyo.

Dhana ya msimulizi asiyeaminika ilipewa jina na mhakiki Wayne Booth mwaka 1961. Msimulizi wa aina hii si lazima awe mwongo. Huenda akawa mwoga, mlevi, mtoto, au mtu aliyependa kupita kiasi. Katika hadithi fupi ya Akutagawa iliyotoka Japani mwaka 1922, ambayo ni msingi wa filamu ya Rashomon (1950), mashahidi hutoa taarifa zinazokinzana kuhusu kifo kimoja, na hakimu hasikiki kamwe. Nchini Kenya, Petals of Blood (1977) ya Ngũgĩ wa Thiong'o inafungua kwa watuhumiwa wanne wa mauaji ya wakurugenzi watatu, na sehemu kubwa ya yaliyopita inatokana na maandishi ya Munira akiwa rumande. Msomaji anayemwamini Munira moja kwa moja atakuwa ameponzwa.

Tuseme basi mauaji ya kubuni yametokea Kaloleni, Nairobi. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika na familia zao, nyumba zake zikipangwa kuzunguka viwanja vya pamoja na ukumbi. Katika ukumbi huo wanasiasa wa miaka ya 1950, Tom Mboya miongoni mwao, walihutubia umati. Kwa mpangilio huo, jirani huona mlango wa jirani. Mashahidi hawatakosekana.

Mashahidi hao wanapofika mbele ya hakimu, Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai (Sura ya 75) inaingia katika usimulizi. Kifungu cha 197 kinaelekeza kwamba ushahidi kwa kawaida uandikwe kama masimulizi, si kama maswali na majibu. Maana yake ni kwamba wakili huuliza, shahidi hujibu, lakini kumbukumbu humwonyesha shahidi akijieleza kwa nafsi ya kwanza kana kwamba hakuulizwa lolote. Isitoshe, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Shahidi wa Kiswahili hupitia kwa mkalimani. "Mimi" anayesomwa katika jalada ni kazi ya watu watatu: shahidi, mkalimani na hakimu anayeandika.

Hapa ndipo sarufi inapokuwa na uzito wa uhai na kifo. Shahidi wa kwanza anasema: "Nilimwona akitoka, mkono una damu." Kiambishi a- hakitaji jinsia. Mkalimani, akiwa na haraka, hana budi kuchagua mwanamume au mwanamke, kwa kuwa Kiingereza kinamlazimisha. Akichagua mwanamume, mshukiwa wa kike ameshatoka kizimbani bila shahidi kusema uongo hata kidogo. Mwandishi wa riwaya ya kusisimua angetafuta wapi kitanzi bora kuliko hicho?

Shahidi wa pili ni mwerevu zaidi. Anasema taa "ilizimika" na mlango "ukafunguka." Angesema "ilizimwa," wakili angeuliza mara moja: na nani? Kauli ya kutendeka haimpi nafasi ya swali hilo, kwani haikubali mtenda. Wa tatu anasema, "Eti alikuwa amelala." Ile "eti" ni tuhuma nzima, katika jalada hubaki kauli tupu kwamba mtu alikuwa amelala. (Kijana wa mtaa atakayetoa ushahidi kwa Sheng atamtesa mkalimani kwa namna yake, hilo linahitaji makala yake.)

Ugumu uko katika utunzi. Mwandishi akitenganisha mashahidi kwa majina tu, sauti zao zitafanana na msomaji atachoka. Afadhali kila mmoja atambulike kwa kauli anazopendelea: anayejificha nyuma ya "-ika", anayetegemea "eti", anayeapa kwa kila sentensi. Hukumu nayo isiachwe hadi mwisho. Ikiwekwa kuwa sura ya kwanza, msomaji atamjua aliyefungwa tangu mwanzo, kisha atazisoma taarifa za Kaloleni moja baada ya nyingine akisaka ni katika sentensi ipi neno la shahidi lilibadilika.