Kalamu ya Wanja Gerezani

Wafungwa wa siasa wa Misri wametoa vitabu vingi, na vingine vilianza kuandikwa kwa siri humo humo ndani. Septemba 1981 Rais Sadat aliwakamata wapinzani wake zaidi ya 1,500. Daktari Nawal El Saadawi, mwandishi, alivunjiwa mlango wa nyumba, akatiwa gereza la wanawake la Qanatir bila kufikishwa mahakamani. Kalamu na karatasi vilipigwa marufuku. Askari walivisaka kama silaha. Ndipo msichana mmoja, mfungwa wa umalaya, alipompenyezea kipande cha kalamu ya wanja, na karatasi ikawa ya chooni. (Msichana huyo naye tusimsahau: angeshikwa, adhabu ingekuwa yake.) Usiku wenzake wakilala, daktari huandika. Sadat aliuawa Oktoba 6, na Novemba mama huyo akaachiwa. Kumbukumbu zake zikawa kitabu.

Kabla yake Sonallah Ibrahim, mkomunisti aliyefungwa 1959 hadi 1964, aliandika kwenye karatasi za kusokotea sigara, zikatoroshwa nje. Hizo zilichapwa miaka 40 hivi baadaye.