Faji, Adui wa Kale wa Bakteria

Aghalabu mkulima wa Nyakatuntu, huko Kyerwa mkoani Kagera, akijikata kwa panga migombani na jeraha likatunga usaha, hukimbilia duka la dawa, akanunua vidonge vya antibiotiki vya siku mbili kwa kuwa fedha iliyopo ni ya siku mbili. Na kwa matumizi ya namna hiyo, kwa watu na kwa kuku, bakteria wamejifunza kuzistahimili dawa ambazo zamani ziliwaangamiza. Kwa hesabu iliyotolewa katika jarida la Lancet mwaka 2022, usugu huo ulisababisha vifo vipatavyo 1,270,000 ulimwenguni mwaka 2019.

Walakini bakteria nao wana adui yao, naye ni faji, virusi asiyeshambulia kiumbe mwingine ila bakteria. Félix d'Hérelle, aliyembainisha mwaka 1917 katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alimtumia mwaka 1925 huko Misri kuwatibu wagonjwa wanne wa tauni, akiwadunga faji ndani ya mitoki iliyovimba, na wote wakapona. Tauni si ngeni kwa watu wa Kagera: mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa bakteria Robert Koch, akiwa Dar es Salaam, alithibitisha kuwa ndiyo iliyokuwa ikiua watu wa Kiziba, mkoani humo. Hata hivyo, penisilini ilipoenea, mataifa mengi yaliiacha tiba ya faji, ila Georgia haikuiacha.

Namna ya kumpata faji yastaajabisha kwa wepesi wake. Huchotwa maji ya mtaro, au ya bondeni wanyweshwapo ng'ombe, yakapitishwa katika chujio lenye matundu madogo hata bakteria hawapenyi. Kisha huchanganywa na bakteria waliotoka katika jeraha la mgonjwa, yakamwagwa juu ya agari, rojo la kuoteshea bakteria. Kesho yake, katika utando mzito wa bakteria, huonekana vidoa vitupu vipitishavyo nuru, na kila kidoa asili yake ni faji mmoja aliyemganda bakteria, akamwingizia chembe zake za urithi, hata kwa muda wa nusu saa hivi bakteria akapasuka na kutoa faji wapya mia na zaidi.

Ila faji ni mchaguzi mno: huua aina moja ya bakteria na kuiacha nduguye, hivyo hazina ya faji iliyokusanywa Ulaya haina hakika ya kufaa Karagwe. Kwa sababu hiyo nawathamini sana wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, wanaotafiti faji, na wale wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, jijini Nairobi, wanaotafuta faji wa kuangamiza bakteria wa salmonela katika kuku. Ni kweli bakteria aweza kumkwepa hata faji. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wameonyesha kuwa bakteria wa jamii ya Pseudomonas, akimkwepa faji aitwaye OMKO1, hupoteza nguvu ya kuitema antibiotiki, na dawa ya zamani ikarudia kumuua.

Kutoka Kyerwa hadi Uganda ni kuvuka mto Kagera tu pale Murongo. Natamani sampuli za majeraha ya wagonjwa wetu zivuke hapo kwenda Makerere, na faji wa kuwatibu warudi kwetu, hadi Bukoba itakapokuwa na maabara yake ya kazi hiyo.