Mguu Ulioteguka Usikimbiliwe Kukandwa

Kila jioni baada ya sala ya Alasiri, vijana wetu humiminika viwanjani na ufuoni kucheza mpira, na mabinti zetu nao hucheza netiboli shuleni. Ni jambo la heri. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, na mazoezi ni katika kuitimiza haki hiyo. Lakini mchezo haukosi ajali, na mara nyingi anayempokea majeruhi mlangoni ni mama.

Mazoea yetu Pwani ni kwamba mtoto akirudi akichechemea, hupashwa mafuta ya nazi akachuliwa, au hupelekwa kwa mkandaji avutwe mguu. Nia ni njema, ila wakati wake haujafika. Kifundo kinapoteguka, kano zinazounganisha mifupa huvutika kupita kiasi au huchanika, na damu huvuja ndani kwa ndani. Joto na kuchua huzidisha uvimbe. Na iwapo mfupa umevunjika, kuuvuta kwaweza kujeruhi mishipa ya damu na ya fahamu, mtoto akabaki na kilema.

Kwa saa 48 za mwanzo, tufanye haya. Mtoto apumzike, asiukanyagie mguu. Avuliwe kiatu, na bangili au pete ikiwa aliyeumia ni mkono, kabla ya uvimbe kuzidi. Barafu ivingirishwe katika kipande cha leso, isiguse ngozi, iwekwe kwa dakika 15 hadi 20, na irudiwe kila baada ya saa mbili au tatu. Kifundo kifungwe bendeji isiyobana mno. Vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, ilegezwe. Kisha mguu uinuliwe juu ya mito.

Akishindwa kupiga hatua nne, au kiungo kikionekana kimepinda, hapo ni hospitali. Kiungo kisinyooshwe, kiegemezwe kwa ubao au gazeti lililokunjwa, kifungwe kwa leso kama kilivyo. Uvimbe ukishapungua, na daktari akathibitisha kwamba hakuna mfupa uliovunjika, kuchuliwa polepole hakuna ubaya.

Pigo la kichwa lisidharauliwe. Mtoto aliyezirai hata kidogo, anayetapika, anayesinzia kupita kawaida, au anayechanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja, wala asirudi mchezoni siku hiyo. Akilalamikia shingo, asisogezwe mpaka afike mwenye ujuzi, ila kama mahali alipo pana hatari.

Kinga nayo haina gharama kubwa. Utafiti uliofanywa Norwe na kuchapishwa mwaka 2008, juu ya wasichana 1,892 wenye umri wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha kuwa waliopasha mwili moto kwa mazoezi maalumu ya dakika 20 waliumia pungufu kwa takriban theluthi moja. Basi watoto wakimbie polepole, wachuchumae na waruke kabla ya mpira kuanza. Uwanja uokotwe vigae na misumari. Mabinti wafunge mitandio bila pini, kwani pini huchoma shingo mtu aangukapo. Na maji yasikosekane.

Watoto ni amana mikononi mwetu. Tuwaache wacheze, nasi tujue la kufanya waumiapo. Allah awahifadhi. Amin.