Futikamba haimpimi mkataji

Mti wenye kipenyo cha sentimita 28 unaweza kuishi au kufa kutegemea umeota mji gani. Ukiwa uani kwa mtu jijini Toronto, Kanada, mwenye nyumba anauangusha bila kibali, kwa sababu jiji hilo huanza kulinda miti ya watu binafsi inapofikia sentimita 30, ikipimwa mita 1.4 kutoka ardhini. Labda tu ua wake uwe ndani ya mabonde yanayolindwa. Huko hata mche haukatwi ovyo.

Berlin hawahangaiki na kipenyo. Wanazungusha futikamba kwenye shina, na mzingo ukifika sentimita 80 sheria imeshaingia kazini. Mti wetu una mzingo wa takriban sentimita 88, kwa hiyo huko lazima kibali kiombwe, na akipewa, mwenye nyumba hupanda mwingine au hulipa fidia. Hata hivyo sheria hiyo nayo ina upendeleo: miti mingi ya matunda haimo, na katika ile ya majani ya sindano inalindwa aina moja tu ya msonobari.

Uingereza nayo ina ukali wake, angalau kwa maandishi. Katika mitaa iliyotengwa kwa historia na mandhari yake, shina linalozidi milimita 75, yaani unene wa mchi wa kutwangia, halikatwi mpaka halmashauri ijulishwe wiki sita kabla. Ikinyamaza hadi muda huo uishe, shoka ruksa.

Kuna mmoja asiyengoja wiki hizo sita: halmashauri yenyewe, au yeyote anayekata kwa niaba yake.

Mji wa Sheffield unalijua jambo hilo. Mwaka 2012 halmashauri yake iliipa kampuni ya Amey mkataba wa miaka 25 wa kukarabati barabara, na miti ya kando ya barabara ikaanza kuanguka kwa maelfu. Alfajiri ya Novemba 17, 2016, wakazi wa Rustlings Road waliamshwa wakati polisi na wakataji walipofika gizani. Miti minane ikakatwa. Wanawake wawili wastaafu waliogoma kuondoka walikamatwa, na sheria iliyotumika dhidi yao, cha ajabu, ilikuwa ya vyama vya wafanyakazi. Mashtaka yalifutwa baadaye. Ukataji ulisitishwa 2018, na baada ya ripoti ya uchunguzi ya 2023, halmashauri iliomba radhi.

Nairobi ilikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 2020 mti wa mugumo wa zaidi ya miaka 100 ulikuwa umesimama palepale ilipopangwa kupita barabara ya Expressway, kwenye Waiyaki Way. Wanamazingira walipiga kelele, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uachwe. Hapakuwa na futikamba wala fomu. Sahihi moja ilitosha. Miti mingi iliyokuwa kwenye njia ya mradi huohuo haikupata sahihi hiyo, ikakatwa.

Mugumo ulikabidhiwa kwa NMS, idara iliyokuwa ikiendesha huduma za jiji wakati huo. Mwaka 2022 NMS yenyewe ikafikia kikomo, na majukumu yake yakarudi kwa serikali ya kaunti.